Nani Anashika Hesabu? Waamuzi, Saa na Sekunde za Mwisho katika Futiboli ya Marekani

Leo naweka kando msimbo na seva, nataka tuzungumzie mchezo. Lakini msitoroke, maana mkifika mwisho mtaona kwamba hatukwenda mbali na kazi yetu ya tarakilishi.

Nazungumzia futiboli ya Marekani, ule mchezo wa kofia ngumu ambao fainali yake, Super Bowl, huanza mnamo saa nane na nusu usiku kwa saa zetu, wakati Nairobi imelala na Jumatatu inangoja. Wengi wetu tuliolelewa kwa kandanda na raga tunauona kama fujo yenye mapumziko mengi. Nami nilikuwa hivyo hivyo. Kilichonivuta si miili kugongana, bali ni wale watu saba wenye mashati ya mistari myeusi na myeupe. Watu hawa wana kazi ambayo kila mwandishi wa programu anaijua vizuri: kutunza hali ya mfumo iwe sahihi wakati kila mtu anaigusa kwa pamoja na muda unayoyoma.

Kwanza, mchezo wenyewe

Kwa wasioujua, timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea mbele yadi 10, yaani karibu mita 9. Ikifaulu, inaanza tena kuhesabiwa kutoka moja. Ikishindwa, mpira unakwenda kwa wapinzani. Jaribio linakwisha mchezaji mwenye mpira anapoangushwa, anapotoka nje ya uwanja, au mpira uliorushwa unapoanguka chini bila kudakwa. Hapo mwamuzi anaamua mpira ulifika wapi, anauweka chini mahali hapo, na jaribio linalofuata linaanzia pale pale.

Kwa hiyo ukitaka kuandika programu ya mchezo huu, unahitaji vitu vitano tu kwenye kumbukumbu: jaribio la ngapi, mpira uko wapi, umebaki umbali gani, saa inasema nini, na kila timu imebakiza mapumziko mangapi ya kuomba. Vitu vitano, basi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ataandika hiyo programu kwa siku moja.

Ugumu uko kwenye saa. Mchezaji akiangushwa ndani ya uwanja, saa inaendelea kukimbia. Mpira uliorushwa ukianguka chini, saa inasimama. Timu iliyo nyuma kwa alama na iliyomaliza mapumziko yake ina hila moja halali: inajipanga haraka, kwotabeki anapokea mpira na kuubwaga chini papo hapo. Jaribio moja limepotea lakini saa imesimama. Ni biashara, unauza jaribio ili ununue sekunde. Kumbukeni hila hii, maana inarudi.

Tulifikaje hapa

Zamani mchezo huu ulikuwa raga. Mnamo 1880 Walter Camp wa Yale alifaulu kubadilisha kanuni ili badala ya watu kugombania mpira kwenye rundo, timu moja iwe nao na ianze jaribio kutoka mstari maalumu. Wazo zuri, ila lilikuwa na hitilafu. Hakuna kilicholazimisha timu kusogea. Mwaka 1881 Yale na Princeton walicheza mechi ambayo kila upande uliushikilia mpira karibu kipindi kizima bila kwenda popote, na mambo yakaisha sufuri kwa sufuri huku watazamaji wakikasirika.

Kiraka kikaja mwaka 1882: majaribio matatu ya kusogea yadi 5, ukishindwa unatoa mpira. Ili kuzipima yadi hizo ikabidi uwanja uchorwe mistari kila yadi 5. Mwaka 1906 umbali ukawa yadi 10, na mwaka 1912 majaribio yakawa manne, na hesabu hiyo ndiyo inayotumika mpaka leo. Tangu 1882, basi, lazima awepo mtu wa kuhesabu majaribio na mtu wa kusema mpira umefika wapi. Kanuni moja ya kuzuia uvivu imezaa kazi mbili za kudumu.

Na saa je? Kwa miaka mingi muda ulitunzwa na mwamuzi uwanjani kwa saa yake. Saa ya ubaoni ilikuwa ya kuwasaidia watazamaji tu, haikuwa rasmi. Ligi ya AFL iliyoanza mwaka 1960 ndiyo iliyoifanya saa ya ubaoni kuwa rasmi, na NFL ikafuata mwaka 1970 ligi hizo mbili zilipoungana. Kabla ya hapo mchezaji wa NFL angeweza kuangalia ubaoni akaona sekunde tano, huku ukweli ukiwa mfukoni mwa mwamuzi. Sisi tungesema kulikuwa na nakala mbili za data, na ile inayoonekana na watu wote siyo ile inayotumika.

Waamuzi nao waliongezeka. NFL ilikuwa na watano mwaka 1947, sita mwaka 1965, na saba tangu 1978. Kila mmoja ana kihesabu chake, tena cha kushangaza kwa urahisi: ni utepe wa mpira unaovaliwa kiganjani wenye kitanzi kinachoingizwa kwenye kidole. Jaribio la kwanza, kidole cha kwanza. La pili, cha pili. Kando ya uwanja yuko mtu mwingine aliyeshika mti wenye namba kubwa, 1 mpaka 4, ili uwanja mzima uone. Kwa maneno mengine mfumo una nakala nane za tarakimu moja. Unaweza kudhani kwamba tarakimu hiyo haiwezi kupotea.

1940: jaribio la tano la kwanza

Tarehe 16 Novemba 1940, mjini Hanover katika jimbo la New Hampshire, Cornell ilicheza na Dartmouth. Cornell ilikuwa haijapoteza katika mechi 18, lakini siku hiyo ilikuwa nyuma 3 kwa 0 na muda ulikuwa unakwisha. Ikafika karibu kabisa na mstari wa Dartmouth. Jaribio la kwanza, la pili, la tatu, kila mara watu wanarundikana na mpira unabaki nje kidogo. Katikati ya hayo Cornell ikasimamisha mchezo bila kuwa na haki hiyo, ikaadhibiwa kwa kurudishwa nyuma yadi 5. Jaribio la nne lilikuwa mpira wa kurushwa, ukaanguka.

Hapo mpira ulipaswa kwenda kwa Dartmouth. Lakini refa, Red Friesell, akaipa Cornell jaribio jingine. Walter Scholl akarusha kwa Bill Murphy, tachidauni, na mechi ikaisha 7 kwa 3.

Tazameni ile adhabu. Ni tukio lililobadilisha mahali pa mpira bila kubadilisha namba ya jaribio. Kwa kawaida vitu hivyo viwili hutembea pamoja, mpira ukihama namba nayo inapanda. Sisemi ndiyo iliyomchanganya Friesell. Nasema tu kwamba yeyote aliyewahi kutafuta hitilafu usiku wa manane angeanzia hapo.

Lililofuata ndilo lililoifanya siku hiyo ikumbukwe. Mechi ilikuwa imepigwa picha za filamu. Filamu ikasafishwa, watu wakahesabu, na majaribio yakawa matano. Friesell akakiri kosa lake waziwazi. Kanuni hazikumpa mtu yeyote mamlaka ya kubadilisha matokeo. Hata hivyo tarehe 18, siku ya Jumatatu, Cornell ikatuma simu ya maandishi kwenda Dartmouth ikisema inaachilia ushindi. Dartmouth ikakubali, na mpaka leo mechi hiyo imeandikwa 3 kwa 0. Hakuna aliyewalazimisha.

1990: jaribio la tano la pili

Miaka 50 ikapita. Tarehe 6 Oktoba 1990 mjini Columbia, Missouri ilikuwa mbele ya Colorado 31 kwa 27, zimebaki kama sekunde 30. Colorado ilikuwa yadi 3 kutoka mstarini. Fuateni hesabu pamoja nami.

Jaribio la kwanza: kwotabeki Charles Johnson anaubwaga mpira chini kusimamisha saa. Zimebaki sekunde 28.

Jaribio la pili: Eric Bieniemy anakimbia katikati, anasimamishwa karibu na yadi 1. Colorado inaomba mapumziko, sekunde 18. Wakati wa mapumziko haya watu wanazungumza, kocha anazungumza na refa, na yule mwenye mti wa namba habadilishi namba. Mti unabaki kwenye 2.

Jaribio la tatu, ambalo mti unaliita la pili: Bieniemy tena, hapiti. Wachezaji wa Missouri wanachelewa kuinuka kutoka kwenye rundo, na refa J. C. Louderback anasimamisha saa ili wasiibe muda. Sekunde 8.

Jaribio la nne, ambalo mti unaliita la tatu: Johnson anaubwaga mpira chini. Sekunde 2. Kwa haki, hapa mechi imekwisha. Timu imeuza jaribio lake la mwisho ili inunue sekunde mbili zisizokuwa na kazi.

Jaribio la tano: Johnson anakimbia mwenyewe, anajitupa, waamuzi wanainua mikono. Colorado 33, Missouri 31. Mpaka leo kuna watu Missouri wanaosema hata hapo mpira haukuvuka mstari.

Waamuzi saba, tepe saba, na mti mmoja, na wote wakakubaliana juu ya namba isiyo sahihi. Sisi hupenda kusema kwamba nakala nyingi huleta usalama. Hapa tunaona lini hazileti: nakala zinapoacha kujihesabia na kuanza kuangaliana. Nakala saba zinazonakili chanzo kimoja ni nakala moja tu iliyovaa mashati saba.

Na tusimwonee Louderback. Angalieni alichokuwa anafanya. Alikuwa anachunga rundo, anachunga saa, anahakikisha Missouri hawachelewi makusudi. Alifanya kazi ya saa kwa uangalifu mkubwa, na kazi ya hesabu ikamponyoka. Akili ya mtu ni kama tarakilishi yenye kumbukumbu ndogo. Ukiifungulia programu mpya, kuna nyingine inafungwa bila kukuambia.

Waamuzi hao wote walisimamishwa kazi. Missouri ilikata rufaa kwa uongozi wa ligi yao, Big Eight, ikajibiwa kwamba kosa la aina hii halirekebishwi baada ya mechi kuisha. Colorado haikutuma simu ya maandishi. Kocha wake, Bill McCartney, alilalamikia ubovu wa uwanja uliowatelezesha wachezaji wake, ingawa miaka mingi baadaye alisema anajutia. Mwisho wa msimu Colorado iliongoza kura za AP na kuitwa bingwa wa nchi, huku Georgia Tech ikiongoza kura za makocha. Jaribio moja la ziada katika sekunde mbili, na nusu ya taji.

2022: hesabu sawa, mpira hauko mahali pake

Tarehe 16 Januari 2022, Dallas Cowboys walikuwa nyumbani wakicheza mtoano na San Francisco 49ers. Walikuwa nyuma 23 kwa 17, sekunde 14, hawana mapumziko. Walikuwa kwenye yadi 41 ya wapinzani. Kwotabeki Dak Prescott akakimbia katikati yadi 17, akateleza chini kwenye yadi 24. Mpango ulikuwa uleule wa kujipanga, kuubwaga mpira, kusimamisha saa, kisha kurusha mara moja ya mwisho.

Prescott akampa mpira mchezaji wa kati wa timu yake, Tyler Biadasz, naye akauweka chini. Lakini kanuni inasema jaribio haliwezi kuanza mpaka mwamuzi aushike na kuuweka mpira yeye mwenyewe. Mwamuzi Ramon George alikuwa anakuja mbio kutoka nyuma, umbali wote ule ambao Prescott alikuwa ameukimbia. Akafika akawagonga wachezaji, akajipenyeza, akauweka mpira. Prescott alipoubwaga, saa ilisoma sufuri. Mechi ikaisha hivyo. Refa mkuu, Alex Kemp, alieleza kwamba mwenzake alikuwa anatimiza kazi yake tu ya kuuweka mpira sawasawa.

Watu walimlaani sana George. Lakini jiulizeni kwa nini kanuni hiyo ipo. Wachezaji wakiachiwa kuuweka mpira wenyewe, kila timu itajiongezea nusu yadi kila mara, na nani atawazuia? Mkono wa mwamuzi ni kufuli. Tunapoandika programu ambapo michakato miwili inataka kuandika mahali pamoja, tunaweka kufuli, na kila mtu anajua kufuli hupunguza kasi. Siku zote huioni gharama yake. Unaiona sekunde ya mwisho, wakati wote wamepanga foleni mlangoni. Njia ya haraka ilikuwa kumpa mwamuzi mpira, siyo kumpa rafiki.

Kurudisha saa nyuma

Je, kosa likionekana, saa irudishwe? Wakati mwingine hurudishwa. Tarehe 5 Desemba 2009 Texas ilikuwa nyuma ya Nebraska 12 kwa 10. Colt McCoy akarusha mpira nje, saa ikafika sufuri, watu wa Nebraska wakaanza kushangilia. Waamuzi wakatazama picha za marudio wakaona mpira uligusa kitu nje ya uwanja ikiwa imebaki sekunde 1. Wakairudisha. Hunter Lawrence akapiga mpira kutoka yadi 46 ukapita kati ya milingoti, 13 kwa 12.

Na wakati mwingine marekebisho yenyewe yanakula saa. Tarehe 24 Septemba 2017 Golden Tate wa Detroit alipewa tachidauni zikiwa zimebaki sekunde 8 dhidi ya Atlanta. Picha za marudio zikaonyesha aliguswa chini kabla ya mstari. Ina maana saa ingekuwa inakimbia, na kanuni ya NFL inakata sekunde 10 katika hali kama hiyo. Nane toa kumi, hesabu hiyo haihitaji tarakilishi. Atlanta 30, Detroit 26, kwaherini. Lilionekana jambo la kikatili, lakini bila makato hayo timu isiyo na mapumziko ingepata pumziko la bure kwa sababu tu mwamuzi alikosea kwa faida yake.

Mashine je?

Najua mnachongoja kuuliza. Kwa nini wasiweke mashine? Wameweka. Tangu 2017 mipira ya NFL ina chipu ndani. Na tangu msimu wa 2025 umbali wa yadi 10 unapimwa kwa kamera za Hawk-Eye, mfumo ule ule tunaoujua kutoka tenisi, kriketi na mstari wa goli wa Ligi Kuu ya Uingereza. Mnyororo wa kupimia, uliokuwa unaburutwa uwanjani kwa miaka zaidi ya mia, sasa ni wa akiba.

Lakini someni vizuri. Kamera zinapima umbali kutoka mpira ulipowekwa. Anayeuweka bado ni mtu. Chipu itakwambia mpira ulikuwa wapi, haitakwambia goti la mchezaji liligusa nyasi saa ngapi, na bila jibu la pili jibu la kwanza halina maana. Nazo kamera haziwezi kuona kilicho chini ya rundo la watu kumi. Mashabiki wa kandanda wanakumbuka tarehe 17 Juni 2020, kipa wa Aston Villa alipoubeba mpira ndani ya goli lake dhidi ya Sheffield United na saa ya refa haikutetemeka, kwa sababu wachezaji na mlingoti walizikinga kamera zote. Mechi ikaisha sufuri kwa sufuri na Hawk-Eye ikaomba radhi.

Basi mimi nachukua mambo mawili. La kwanza ni la kikazi: kabla ya jaribio la mwisho, simama uhesabu upya kutoka mwanzo, usisome namba iliyoandikwa ubaoni. Mwaka 1990 sekunde tano za kuhesabu kwa vidole zingetosha, na muda ulikuwepo, kwa sababu saa ilikuwa imesimama.

La pili si la kikazi. Mifumo yote miwili iliharibika kwa namna moja, 1940 na 1990. Hakuna kanuni iliyorekebisha lolote kati ya makosa hayo. Kosa la kwanza lilirekebishwa na watu waliotazama filamu, wakahesabu mpaka tano, wakaona aibu. Sijui kama kuna namna ya kuandika hilo kwenye programu. Nimejaribu kufikiria wiki nzima na sijapata.

Haya, nirudi kwenye seva zangu. Tuonane wakati mwingine.